Kikapu cha Mama na Saa ya Jamaa

Katika mji wetu wa Lubumbashi, ni nani aamkaye wa kwanza nyumbani? Waulizeni watoto, nao watawajibu bila kufikiri: Ni mama. Jogoo hajawika, naye amekwisha kuwasha mbabula, kuinjika maji na kuwaamsha wale waendao shule. Kabla jua halijapanda amekwisha kufika katika soko la Kenya, au katika soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, si kununua tu, bali kuuza pia: nyanya, mikate, mafuta ya mawese, chumvi kwa vifungu. Jioni arudi na kikapu chake. Ndani yake mna unga wa mahindi, fungu la matembele au lengalenga, ndakala kidogo, na makala ya usiku mmoja.

Watu husema kwamba sasa amemaliza kazi. Lakini kazi yake ya pili ndiyo kwanza inaanza: kufagia, kuosha vyombo, kusonga bukari, kuogesha wadogo, kufua nguo za kesho. Akiisha kukaa kitako, watoto wamelala, na baba naye amechoka kungoja au hajarudi.

Basi, ndugu wasomaji, twauliza: Katika siku ile nzima, ni saa ipi iliyokuwa ya jamaa? Ni wakati gani ambapo baba, mama na watoto walitazamana usoni na kusemezana?

Wengine watasema kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kupanga kazi. Wengine watasema kwamba wanaume ni wavivu. Sisi hatusemi hivyo. Twasema kwamba namna yetu ya kugawa kazi za nyumbani ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya aina nyingine, nyumba ambayo kwa wengi wetu haipo tena. Nyumba imebadilika, lakini mgawo wa kazi umebaki vile vile. Hapo ndipo penye mzigo.

NYUMBA YA SIKU ZA KOMPANIA

Mji wetu ulianza mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville, na jina la Lubumbashi ukalipata mwaka 1966. Union Minière, kompania iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikitafuta watu wa kuyeyusha shaba. Mwanzoni iliwachukua wanaume peke yao, kwa miezi michache. Walikufa wengi, na waliopona walirudi kwao. Ndipo, karibu na mwaka 1928, kompania ilipobadili shauri lake: mfanyakazi akae kwa mkataba wa miaka mitatu, aje na mke wake, apate nyumba katika kambi, na watoto wazaliwe pale pale.

Katika kambi zile mume alipokea mshahara, na jamaa ilipewa posho, yaani unga, maharagwe, samaki, nyama na chumvi, kwa kadiri ya watu wa nyumba. Hospitali ilikuwapo, shule ilikuwapo, na mapadri na masista walikuwapo. Kwa wake za wafanyakazi zilifunguliwa shule zilizoitwa fwaye, na humo walifundishwa kushona, kupika, kufua, kupiga pasi, kutunza mtoto mchanga na kuipamba nyumba.

Hatuyadharau mambo hayo. Bibi zetu wengi walijifunza humo usafi uliowaokoa watoto wao. Lakini tuone vema desturi iliyozaliwa pale. Baba ndiye aliyeleta fedha, naye peke yake alijua kiasi chake. Mama alikuwa mtunza nyumba. Katika hesabu ile kila mmoja alikuwa na kazi moja: baba kazi ya kiwanda, mama kazi ya nyumba.

NYUMBA YA LEO

Kompania ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 yalifuata maporomoko mengine, yaani maporo na fujo katika miji ya nchi nzima. Mwaka 1994 shaba yote ya kompania haikufikia hata tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Hatimaye, tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa kiasi cha fedha mara moja tu.

Ni nani aliyelisha watoto katika miaka hiyo? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliziendea nyumba za mji, wakauliza na kuandika. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa Katanga walioachwa na baba yao, na baba huyo ndiye kompania. Masimulizi yao yatupa jibu lile lile ambalo kila mtoto wa Kamalondo au wa Katuba angalilitoa: mama aliingia sokoni. Aliuza alichopata. Alilima shamba kandokando ya mji. Aliingia katika likelemba na wenzake ili apate mtaji.

Tangu hapo fedha ya nyumba haina mlango mmoja tena. Lakini ile kazi ya nyumba, aliyopewa mama kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, haikuondolewa mabegani pake. Ameongezewa ya pili juu ya ya kwanza. Mtu abebaye mizigo miwili kwa mabega yale yale huchoka, na mtu aliyechoka husema kwa ukali hata na wale awapendao. Ugomvi mwingi wa nyumbani haukuanzia katika chuki. Ulianzia katika uchovu.

DAFTARI LA NYUMBA

Kila msomaji ayajua mazungumzo haya:

“Baba ya watoto, unga umekwisha.”

“Umekwisha? Si juzi tu nilikupa fedha, mama?”

“Fedha ile ilinunua makala, na mtoto aliomba daftari la shule.”

“Mimi sijui. Fedha yangu yaenda wapi?”

Sikilizeni neno hilo: “fedha yangu.” Na mama, moyoni mwake, ajibu: “Nami ninayo yangu.” Hivyo nyumba moja ina mifuko miwili, na kila mfuko humficha mwenzake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kusema kwamba si mali tu ipoteayo, bali hata imani kati ya mume na mke.

Dawa yake si ngumu. Nunueni daftari la kurasa chache. Kila Jumamosi jioni, mume na mke wakae pamoja, kila mmoja aseme alichopata juma lile, hata kama ni kidogo, kisha waandike mambo ya lazima kwa taratibu yake: unga, makala, maji, shule, dawa, sadaka, likelemba. Kinachobaki, wakipangie pamoja. Asiyejua kuandika amwite mtoto wake wa darasa la tano. Naye mtoto atajifunza hesabu ambayo sisi walimu hatuwezi kumfundisha ubaoni.

Wako watakaosema kwamba mume hapaswi kutoa hesabu kwa mkewe. Sheria ya nchi yetu yenyewe imekwisha kuliacha wazo hilo. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ililiondoa sharti lile, ikataka wenzi wapatane. Je, Mkristo aliyeapa mbele ya altare kwamba wawili watakuwa mwili mmoja, aione sheria ya serikali ikimtangulia katika jambo hili?

Daftari likiwapo, hata ununuzi wabadilika. Anayenunua makala kwa kimfuko kila siku, mwisho wa mwezi amelipa bei ya gunia na zaidi, wala gunia hajaliona. Ndivyo ilivyo pia kwa unga, mafuta na sabuni: mwenye fedha kidogo hulipa bei kubwa kuliko tajiri. Kama nyumba moja haiwezi kununua gunia la unga, nyumba tatu za shirika moja zaweza kulinunua na kuligawana kwa mizani. Likelemba ambayo zamu yake yaangukia mwezi wa fedha za shule ni bora kuliko mkopo wa riba. Maharagwe yakilowekwa tangu usiku huiva upesi, na sufuria ikifunikwa hula makala machache. Tena, akiba kidogo ya unga ni kinga, maana sehemu kubwa ya unga wetu hupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga nchi ile, sisi tuliujua ukame huo kwa bei ya bukari. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala kwenda sokoni si kazi ya mama peke yake. Baba apitaye sokoni akitoka kazini aweza kuchukua fungu la mboga na kulileta nyumbani. Akijua bei ya nyanya, hatauliza tena kwa ukali fedha ilikokwenda.

UFAGIO HAUNA JINSIA

Tuje katika usafi. Mji wetu una maradhi yake. Mvua za Novemba mpaka Aprili hujaza mifereji maji machafu, na kipindupindu hubisha hodi. Majira ya kiangazi huleta vumbi jekundu liingialo mpaka chini ya kitanda, na vumbi letu si vumbi la udongo tu. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao: watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini katika Katanga walikutwa na kobalti na madini mengine kwa wingi miilini mwao, na hasa watoto. Mtoto hutambaa chini, hushika vumbi, kisha hutia mkono kinywani.

Kwa hiyo kufagia si mapambo ya wageni. Ni ulinzi wa uhai. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke na kurudi mezani. Pangusani meza na sakafu kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazi za mgodini au kiwandani zibaki nje ya chumba cha kulala, zifuliwe peke yake. Mboga zioshwe kwa maji safi, na mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

Lakini ni nani atakayeyafanya hayo yote? Hapa sisi walimu tuna neno la kusema, kwa maana twawaona watoto asubuhi. Msichana aja shuleni amechelewa, macho mazito, mikono ina harufu ya sabuni. Alikwenda kwenye foraji na bidoni kabla ya kucha, akapanga foleni, akarudi akaosha vyombo. Kaka yake, aliyelala nyumba ile ile na kula bukari ule ule, amewahi kufika, naye anacheza mpira uwanjani. Mwisho wa mwaka, dada akishindwa mtihani, watu husema: “Wasichana hawana akili ya shule.” Je, ni akili iliyokosekana, au ni saa mbili za usingizi kila siku?

Baadhi ya wazee hujibu: “Mwanamume hafagii. Ndiyo desturi yetu.” Tuwaombe kwa heshima wakumbuke historia ya mji huu. Katika Elisabethville, ni nani aliyefagia nyumba za Wazungu? Ni nani aliyefua, aliyepiga pasi, aliyepika na kuandaa meza? Walikuwa wanaume, wale walioitwa maboyi. Mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika kwa Kiswahili masimulizi ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi hiyo, ili taabu yao na sehemu yao katika kuujenga mji isisahauliwe. Nao walikuwa wanaume kweli, waume na mababa wa jamaa, na kwa pasi na ufagio ule walisomesha watoto wao. Kama kazi ile haikumwaibisha mwanamume katika nyumba ya mgeni, kwa nini imwaibishe katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya mke wake na watoto wake?

Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Alifundisha kwamba mume ashikaye baadhi ya kazi za nyumbani au za malezi hapungukiwi na uanaume wake. Na kabla yake, mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha katika Familiaris Consortio kwamba kazi ya mwanamke nyumbani yastahili kutambuliwa na kuheshimiwa.

Basi wagawieni watoto kazi kwa umri, si kwa kuwa wa kiume au wa kike. Wa miaka sita aweza kukusanya vikombe na kupanga viatu. Wa miaka tisa aweza kufagia na kuchambua mboga. Wa miaka kumi na miwili aweza kufua nguo zake na kuosha sufuria. Bidoni la maji libebwe kwa zamu, na mvulana mwenye nguvu abebe lililo kubwa. Andikeni zamu hizo nyuma ya lile daftari, ili asiwepo wa kusema: “Leo si mimi.” Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana aliyejifunza kufua leo, kesho hatamfanya mke wake kuwa mtumwa.

SAA YA JAMAA

Tumefika sasa katika neno lenyewe. Hatukusema habari za daftari na ufagio ili nyumba ing’ae tu. Nyumba yaweza kung’aa kama kioo, na ndani yake kila mtu akawa peke yake. Twataka mzigo ugawanywe ili ipatikane saa moja, saa ya jamaa.

Neno hili “jamaa” lina historia katika nchi yetu. Miaka ya 1950, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alianza kukutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Hakuanza kwa kuwafundisha. Alianza kwa kuwasikiliza, akiwauliza ni nini mioyo yao yatamani kweli. Katika mazungumzo hayo yalisikika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke walijifunza kukaa pamoja na kuambiana mawazo yao, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamelifanya kamwe. Kundi lile liliitwa Jamaa, likaenea Katanga yote na hata nje yake. Baadaye yalitokea mabishano juu ya baadhi ya makundi, na maaskofu wakalazimika kuyaonya. Lakini ile mbegu ya kwanza ilikuwa njema: ndoa haiishi kwa mshahara tu, wala kwa posho tu. Yaishi kwa mazungumzo.

Saa yenyewe iweje? Isiwe kubwa mno, msije mkaichoka. Chagueni wakati baada ya chakula. Simu za watu wote, hata ya baba, ziwekwe kabatini. Umeme ukiwapo, zimeni televisheni. Umeme ukikatika, msilalamike sana, maana taa ndogo huwakaribisha watu pamoja. Kila mtoto aulizwe jambo moja jema na jambo moja gumu la siku yake, wala asikaripiwe kwa jibu lake. Baba naye aseme lake, na mama lake. Wazee wakiwapo, watoe hadithi. Kisha fungu moja la Rozari, nia ikitajwa na mtoto, na baba na mama wawawekee watoto ishara ya msalaba katika paji la uso.

Katika saa hiyo yatumieni maneno matatu ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliyarudia mara nyingi kwa watu wa ndoa: tafadhali, asante, samahani. Hayanunuliwi sokoni. Baba akisema mbele ya watoto: “Asante, mama, kwa chakula hiki,” amewafundisha watoto wake heshima kuliko mahubiri marefu. Na mama akisema: “Asante, baba, kwa kuleta maji,” baba huyo kesho atayaleta tena.

Na kwa wale ambao baba yu mbali mgodini, au mama ni mjane, au nyumba yaongozwa na bibi: saa hii ni yenu pia. Wawili au watatu wakikusanyika kwa jina la Bwana, yeye yupo katikati yao. Majirani wa shirika nao wawakumbuke kwa mikono yao, si kwa maneno tu.

Hatutaki kumdanganya mtu. Daftari halijazi sufuria isiyo na unga. Mshahara usiolipwa ni dhambi imliliayo Mungu, na wakubwa wa kazi watatoa hesabu yake. Lakini umaskini una ukali wa namna mbili: ule utokao nje, na ule tunaouongeza wenyewe kwa kumwachia mmoja mzigo wa wote. Huu wa pili twaweza kuuondoa usiku huu huu, bila kungoja serikali wala kompania.

Mwana wa Mungu aliishi miaka mingi Nazareti katika nyumba ya fundi seremala. Pale palikuwa na maji ya kuteka, unga wa kusaga na sakafu ya kufagia, naye alikuwa mtoto mtii wa nyumba ile. Hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo. Basi, akina baba, akina mama, nanyi wanafunzi wetu wapenzi: Jumamosi hii lifungueni lile daftari, andikeni zamu zenu, na jioni kaeni pamoja. Jamaa Takatifu ya Nazareti iwaombee, na Mungu azibariki nyumba zote za Lubumbashi.